Darasa la Kijerumani linakimbia mno, nataka nirudie A2 taratibu. Naombeni ushauri

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi, diploma, nipo Mwanza, nimeingia darasa la Kijerumani kwa mpango wa kwenda Ujerumani kama wengi mnaowaona siku hizi. Kinachonishinda siyo lugha yenyewe, ni spidi. Darasa lilitangazwa kutoka sifuri mpaka B1, yaani ngazi ya tatu baada ya A1 na A2, kwa miezi mitatu na kweli mwalimu hasimami, sarufi mfululizo, leo Akkusativ, kesho Dativ, keshokutwa Perfekt, ukiuliza unaambiwa utaikuta mbele. Kwenye grupu la WhatsApp watu wanatuma voisi za sentensi ndeeefu na mimi bado najiuliza hili neno linaenda na der au das. Nikitoka zamu naangalia video YouTube kwa spidi ya mara mbili ili niwafikie, nikizima simu kichwani hakuna kitu.

Sasa nawaza nitoke, nirudie A2 mwenyewe polepole mpaka ikae ndo niende B1. Nyumbani hawanielewi, ada kalipa kaka, na dalali wa hizo kazi za Ujerumani anasema nafasi za mwaka huu zinaisha. Ila tafadhali msinijibu haraka haraka haina baraka, hiyo mama keshasema, na shangazi akamjibu palepale ngoja ngoja huumiza matumbo, wakaniacha pale pale nilipokuwa.

Mla_Dagaa:
Dada soma uende. We ukisema taratibu wenzako wapo eapoti wanapiga picha na mabegi. Wenye B1 za kuungaunga wako kule wanakula euro.

hesabu_kwanza:
Miezi mitatu sifuri mpaka B1? Goethe-Institut wenyewe, ile taasisi ya Ujerumani ya lugha ambao ndo wenye mtihani, wanasema kufika B1 ni vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Chukua hiyo ndogo kabisa, gawa kwa siku za wiki za miezi mitatu, unapata vipindi vitano na kitu kila siku, hapo hujaumwa, hujafiwa, hujaingia zamu. Ukichukua 650 ni vipindi kumi kwa siku. Wamarekani nao wanaofundisha wanadiplomasia wao wamekiweka Kijerumani kundi moja na Kiswahili chetu hiki, kama wiki 36 za darasani, na wale kazi yao ni kusoma tu mshahara unaingia. Kwa hiyo dada usijione mzito, waliotoa tangazo ndo hawakupiga hesabu.

Mama_Kijani:
Mdogo wangu mimi nipo Hessen, hukohuko Ujerumani, wodi ya wazee. Ngoja nikwambie kinachokusubiri maana dalali hawezi kukwambia. Asubuhi kuna Übergabe, kukabidhiana zamu, anayetoka zamu anakupa taarifa za wagonjwa wote kwa spidi yake na amechoka anataka kwenda kulala, hana habari na cheti chako. Simu inalia, ni daktari, huoni mdomo wake. Bibi wa kitanda cha dirishani anaongea lahaja ya kijijini kwao ambayo hata wenzangu wazawa wengine wanamwambia arudie. Nimewaona waliokuja na B1 ya mbio, wanaitikia ja, ja, yaani ndiyo, kwa kila kitu, na we nesi unajua ja ya uongo kwenye dozi ya insulini inaishia wapi. Mwisho wanawekwa kuosha na kulisha tu, miezi inaenda, na hela ni ya msaidizi siyo ya nesi. Ili utambulike kama nesi kamili kwa kawaida wanataka B2, so huko unakokimbilia siyo mwisho wa safari.

Ila usitoke darasani kwa hasira. B1 ya Goethe ina moduli nne, Lesen (kusoma), Hören (kusikiliza), Schreiben (kuandika) na Sprechen (kuongea), kila moja ina alama 100 unatakiwa 60, na unaweza kuzifanya moja moja. Anza na ile uliyoiva.

Mla_Dagaa:
Hiyo ya moduli sikuijua. Ila mama nawe una kazi tayari, rahisi kumwambia mwenzio asubiri.

Mama_Kijani:
Kweli kabisa kaka, ndo maana sijamwambia asubiri, nimemwambia asitoke.

Ustadh_wa_Wete:
Assalaam aleykum. Sie tuliosoma chuo cha Qur'ani Pemba hili si geni. Maalim hakupi aya mpya mpaka umsomee za jana kwa moyo, ukikwama unarudi kukaa, na kuna siku nzima hakuna jipya ni murajaa tu. Watoto wenye pupa walikuwa wanaruka mbele, Ramadhani ikifika wakiambiwa wasome mbele za watu ndo unaona juzuu zote zimevurugika. Mtu anadhani polepole ni kusoma kidogo. Hapana, sie tulikuwa tunasoma sana, alfajiri na jioni, ila kilekile.

ticha_wa_zamu:
Ustadh kamaliza, mi naongeza mawili. Hiyo spidi ya mara mbili siyo adui kama unavyodhani, kuna utafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, wa 2021, wanafunzi waliangalia mihadhara ya video kwa spidi mpaka mara mbili na hawakupoteza sana kwenye maswali. Sema wale walikuwa wanasikiliza lugha wanayoijua, usije ukaniambia ticha karuhusu. Kinachokuangusha ni kwamba video ikiisha unafungua nyingine. Funga simu, chukua karatasi, andika ulichobaki nacho bila kuchungulia, hata kama ni mistari mitatu. Hapo ndo utajua umejifunza nini, na inauma kweli.

Pili kusahau ni kawaida. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana halafu anajipima, nyingi zilipotea ndani ya siku ya kwanza. 1972 Leitner akaeleza boksi lake la kadi, ukipata neno kadi inasogea chumba cha mbele unaikuta baada ya siku kadhaa, ukikosa inarudi chumba cha kwanza unaikuta kesho. Kwenye kadi andika nomino na artikel yake (der, die au das) na wingi pamoja, usiandike Tisch (meza) peke yake.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Nikitoka zamu ya usiku lakini kichwa hakiingizi kitu, nifanyeje siku hizo?

ticha_wa_zamu:
Lala. Ukiamka kadi tu, usiguse sarufi mpya.

hesabu_kwanza:
Kwa kusikia jaribu DW, wana habari zinazosomwa polepole na maandishi yake yapo. Ni za B2 kwenda juu kwa hiyo usijaribu taarifa nzima, chukua moja. Ujanja wangu, nasikiliza kwanza DW Kiswahili nijue leo kumetokea nini, halafu naenda ya Kijerumani, nusu ya maana unayo tayari kabla hajafungua mdomo. Wana kozi za bure pia za A1 mpaka B1 za kujisomea.

Mla_Dagaa:
Boksi la Leitner linauzwa sh ngapi?

ticha_wa_zamu:
Boksi la viatu na manila mkuu, kata mwenyewe.

Zamu_ya_Usiku:
Mrejesho. Nimeongea na kaka nikamwonyesha zile hesabu za vipindi, akanyamaza, baadaye akauliza hizo moduli zinalipiwa kila moja kivyake au vipi, nikajua kaelewa. Darasani nabaki maana ada hairudi, ila mazoezi ya nyumbani nafanya ya A2, mwalimu kanuna kidogo. Dalali nimemwambia mwaka huu anitoe kwenye orodha, kaniblok. Nitaanza na Lesen ndo naiweza. Sprechen ndo sina mtu, kama kuna yeyote wa hapa Mwanza aliye A2 au B1 tuwe tunaongea, jioni za wiki ambazo sina zamu, aje inboksi. Wa kuchat chat tu wasije.