Naomba ushauri: harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari la zamani

Ndugu mafundi na madereva wenzangu, naombeni ushauri kuhusu Toyota Corolla ya mwaka 1998 ninayoitumia hapa Mwanza. Harufu ya moshi wa ekzosi huingia ndani hasa ninaposimama kwenye foleni ya Igoma huku feni ikivuta hewa ya nje, lakini nikishika mwendo kuelekea Magu hutoweka kabisa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, husikika mlio wa tik-tik upande wa manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini kuupeleka kwenye ekzosi), nao hufifia injini inapopata joto. Fundi alibadilisha mpira wa buti bila kukagua chochote mbele, jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa harufu inatokea kwenye matundu ya dashibodi.

Je, inatosha kuziba bomba la nyuma kwa kitambaa kwa muda mfupi na kusikiliza kama gasketi ya manifoldi (kizibo chembamba kati yake na injini) inavuja, au ni lazima manifoldi ifunguliwe ili kuona kama imepasuka? Kwa sasa naendesha vioo vikiwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, yenyewe haina harufu na pua haiwezi kuipima. Na kama imepasuka, kuichomelea hudumu, au ni afadhali ninunue iliyotumika?