Probu ya chumvi ya visimani: inasoma chini, na je, hataza (patent) ya kampuni ya ng'ambo inatufunga?

shela_visimani

Asalaam aleikum jamaa. Tunaunda kipimo cha chumvi cha kuteremsha ndani ya visima vya Shela na Amu mjini. Probu ina elektrodi mbili za chuma cha pua 316, K (namba ya umbo la probu: umbali na ukubwa wa elektrodi) ni 1.0, kebo mita 10, na saketi inapeleka umeme wa AC wa 1 kHz. Kwenye mmumunyo wa 1413 µS/cm (kipimo cha maji kupitisha umeme; chumvi ikizidi nacho kinapanda) inasoma barabara, maana ndipo tulipoirekebishia. Tukiitumbukiza kwenye wa 12.88 mS/cm (mS moja ni µS elfu moja) inasoma 11.6. Yote miwili iko 25°C.

Kampuni moja ya ng'ambo ya vifaa vya maabara ina hataza ya probu ya elektrodi nne inayodaiwa kuondoa shida hii hii. Nambari ya waraka inaanza na WO na kuishia na A1. Tarehe ya kipaumbele (siku ombi la kwanza lilipowasilishwa) imepita miaka sita. Tukiunda ya elektrodi nne tukaiuza hapa Lamu, tutashtakiwa? Na kosa letu ni la chuma au la saketi?

fundi_sabaki

Waaleikum salaam. Nianze na la pili, namba zako zimeshajisema zenyewe.

Kwa K ya 1.0, mmumunyo wa 1413 una ukinzani wa omu 708, na wa 12.88 una omu 77.6. Ongeza omu 10 kwa kila mmoja: 718 na 87.6. Ulipoirekebisha kwenye wa kwanza, zile omu 10 zilijificha, kwani ni asilimia 1.4 tu. Wa pili sasa utasoma 1413 × 718 ÷ 87.6, yaani mS 11.6. Ndiyo hiyo yako. Basi kuna kama omu 10 zisizo za maji ndani ya mzunguko. Kisima kikishaingia bahari hali inakuwa mbaya zaidi: maji ya bahari ni kama 53 mS/cm kwa 25°C, maana yake omu 19 tu.

Zinatoka wapi? Kebo ya nyuzi za 0.22 mm², mita 10 kwenda na 10 kurudi, ni omu 1.6. Unganisha ncha za mwisho pamoja upime, uitoe kwenye hesabu. Halafu tazama kapasita ya kuzuia DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Ikiwa ni ya 10 µF, kwa 1 kHz inazuia kwa omu 16. Hizo hazijumlishwi moja kwa moja na ukinzani wa maji kwa sababu ya fezi, lakini zinaharibu. Weka ya 100 µF isiyo na upande wa chanya na hasi, zishuke hadi 1.6. Linalobaki ni elektrodi zenyewe: ayoni zinarundikana juu ya chuma na kufanya kama kapasita nyingine.

Kuzitenganisha ni rahisi. Pandisha masafa kutoka 1 kHz hadi 5 kHz ndani ya mmumunyo wa 12.88. Usomaji ukipanda kuelekea 12.88, mkosaji ni elektrodi au kapasita. Usipotikisika, tafuta kwenye waya, soketi na lehemu.

Mimumunyo mnaitengeneza wenyewe? Gramu 0.7456 za kloridi ya potasiamu katika lita moja ndiyo 1413; gramu 7.456 ndiyo 12.88. Chumvi ikaushwe saa mbili kwa 105°C kabla ya kupimwa, na maji yawe yaliyotoneshwa, si ya chupa ya dukani. Wengi wanaharibikiwa hapo kisha wanalaumu saketi.

madai_kwanza

Kuhusu hataza. Waraka wa WO si hataza. Ni ombi la kimataifa lililochapishwa, kwa kawaida miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, na A1 inaonyesha kuwa limechapishwa pamoja na ripoti ya upekuzi. Haki ya kuzuia watu inapatikana nchi kwa nchi. Ili kampuni ilindwe Kenya, ilibidi iingie KIPI (taasisi ya hataza ya Kenya) ndani ya miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele, au ipitie ARIPO ya Harare (shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika) ndani ya miezi 31 na kuitaja Kenya. Miaka sita imepita, kwa hiyo mlango huo ama waliuingia zamani ama umeshafungwa.

Fungua Espacenet (hazina ya hataza mtandaoni), weka nambari, kisha tazama familia ya hataza, yaani maombi ya uvumbuzi huo huo katika nchi mbalimbali. Unatafuta herufi KE (Kenya) au AP (ARIPO). Ukiona EP (Ulaya), US, CN na JP (Marekani, China na Japani) peke yake, dalili ni nzuri, ila usiishie hapo: kumbukumbu za KE ndani ya Espacenet zina mapengo. Lipia upekuzi KIPI kwa jina la kampuni na kwa daraja la G01N 27/06 na 27/07, ambako ndiko vipimo vya upitishaji umeme wa vimiminika vinakopangwa. Pekua G01R 27/22 pia. Ukikuta KE au AP, uliza kama ada ya kila mwaka imelipwa. Hataza isiyolipiwa hufa.

Ukiikuta hai, soma madai (maneno yanayosema hasa kinacholindwa), hasa dai la kwanza, wala usibabaishwe na muhtasari au michoro. Likate vipande: "elektrodi nne za pete", "kihisi joto kati ya zile mbili za ndani", na kadhalika. Mtu anavunja dai pale kifaa chake kinapobeba vipande vyote. Kikikosa kimoja umekaa nje ya maneno ya dai, ingawa kubadilisha skrubu kwa gundi si ujanja utakaomridhisha hakimu.

Elektrodi nne zenyewe hazina mwenyewe. Kupitisha mkondo kwa jozi ya nje na kupima volti kwa jozi ya ndani ni jambo ambalo Frank Wenner alilichapisha mwaka 1915 kwa ajili ya kupima udongo, na kutumia AC kupima mimumunyo ni kazi ya Kohlrausch ya karne ya 19. Kampuni hupewa hataza kwa mpangilio mahususi. Arnold Beckman alipopata hataza ya Marekani nambari 2,058,761 mwaka 1936 kwa kipimo cha asidi, elektrodi ya kioo ilikuwa inajulikana tayari. Chake kilikuwa kuiunganisha na ampilifaya ya valvu katika chombo kimoja.

ngomeni_77

Kuongezea hapo: kugundua jambo la maumbile hakupewi hataza, hata Kenya. Setilaiti ya Uhuru iliyorushwa hapa kwetu Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970 ilibeba vifaa vya eksirei vya kampuni ya American Science and Engineering. Nyota walizozigundua walizichapisha, hazina mwenyewe. Kampuni hiyo hiyo ilichukua hataza kwa mashine za kukagua mizigo kwa eksirei. Kwa hiyo makala za utafiti za hiyo kampuni yenu zisomeni bila hofu, mara nyingi zina vipimo ambavyo hataza imevifunika kwa lugha ya wanasheria.

Na hataza ni miaka 20 tangu kutolewa, hesabuni vizuri.

madai_kwanza

Hapana ndugu yangu, miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi. Kwa ombi la WO ni tarehe ya kimataifa ya kuwasilisha, ambayo inaweza kuwa mwaka mzima baada ya ile ya kipaumbele.

shela_visimani

Shukran sana. Tumepandisha hadi 5 kHz, ikasoma 12.5. Kapasita kweli ilikuwa 10 µF. Tuendelee na mbili au tuhamie nne? Nataka kubandika mchoro wa probu yetu mpya mtusaidie, ina namna ya kujisafisha ambayo sijaiona popote.

fundi_sabaki

Badilisha kapasita kwanza. Kwa maji ya kunywa na ya chumvichumvi mpaka mS 5 hivi, mbili zinatosha. Kama mnataka kufuata mpaka wa maji matamu na ya bahari kwenda chini, hamieni nne.

Chuma 316 kwenye maji ya chumvi kinaliwa vidoto vidoto, tena haraka ikiwa saketi inavujisha DC hata kidogo. Grafiti inavumilia. Visima vya mawe ya matumbawe vinaacha chokaa juu ya elektrodi na usomaji unashuka polepole, wiki hadi wiki; loweka kwenye siki dakika 15, suuza, pima tena kwenye 1413. Kihisi joto kikae karibu na elektrodi, sio juu kwenye boksi: kila digrii moja ni karibu asilimia 2, na kisima cha 28°C bila marekebisho kitaonekana kina chumvi zaidi kwa asilimia 6.

Na msipime pampu ikiwa imetoka kufanya kazi. Maji matamu yameelea juu ya yale ya chumvi. Pampu inayavuta ya chini yakapanda. Acheni kisima kitulie usiku, mpime alfajiri, kila nusu mita.

madai_kwanza

Mchoro usiubandike! Ukishauweka hadharani umetangaza. Sheria ya Kenya inakusamehe tangazo lako mwenyewe ukiwasilisha ombi ndani ya miezi 12, lakini Ulaya haikusamehi hata siku moja. Kwa kifaa kama hiki fikirieni cheti cha yutiliti modeli cha KIPI (kama hataza, ila kwa uvumbuzi mdogo): muda wake ni miaka 10, na hutakiwi kuthibitisha hatua ya uvumbuzi, bali upya na kufaa viwandani. Wasilisha kwanza, uchukue tarehe, kisha njoo na mchoro.