Uwanja wetu wa zamani umeshabomolewa: tunahifadhi vipi kumbukumbu zake?

JukwaaLaJua
Wakuu, habari za humu. Timu yetu ilihama, uwanja wa zamani ukavunjwa, na sasa pale kuna nyumba na maegesho ya magari. Tawi limepewa kazi ya kukusanya kumbukumbu kabla hazijapotea. Vilivyopo mkononi: viti 14 vya mbao vyenye namba, maboksi mawili ya picha na negativu, tiketi na vijarida vya mechi, kanda 9 za VHS, na mashabiki wazee kama ishirini ambao bado wanakumbuka vizuri. Tunataka pia kuweka alama pale ilipokuwa nukta ya katikati. Hela kidogo, watu wa kujitolea watano. Tuanzie wapi, na makosa gani tuyakwepe?

Kipyenga
Anzeni na wazee. Mbao itasubiri, mzee hasubiri.

Msiwaite wote ishirini ukumbini siku moja. Mwenye sauti kubwa ataongea, wengine wataitikia, na ukija kusikiliza rekodi utakuta kumbukumbu za watu ishirini zimekuwa za mtu mmoja. Rekodi mmoja mmoja kwanza, dakika 45 hadi 60, asichoke. Baada ya hapo ndiyo mfanye kikao cha watu 6 hadi 8, waanze kubishana. Ubishi huo ni mtamu, lakini uje wa pili.

Simu inatosha. Iweke sentimeta 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa isidake mitetemo ya meza. Zima mtandao ili isiite katikati ya goli. Rekodi kwa WAV, si faili lililobanwa. Chagua chumba chenye mapazia na makochi. Kuta tupu na vigae vinarudisha mwangwi. Feni na friji zizimwe, maana sikio lako limeshazizoea ila maikrofoni haizoei kitu.

Maswali ndiyo penye kazi. Ukiuliza "unajisikiaje ukiukumbuka uwanja?" utajibiwa "ulikuwa uwanja mzuri sana" na mmemaliza. Uliza vitu vya miguu na macho: Uliingilia geti gani? Ulipanda ngazi ngapi ndipo ukaona nyasi? Nguzo ya paa ilikuziba lango lipi? Mvua ikipiga, watu wa upande gani walilowa? Mpe karatasi yenye mstatili mtupu na penseli, achore mwenyewe. Mkono ukianza kuchora, ulimi nao unafunguka.

Kibendera
Naongezea kwa Kipyenga. Uskoti wana mpango unaoitwa Football Memories, chama cha Alzheimer Scotland kikishirikiana na makumbusho ya soka ya nchi hiyo. Picha za zamani za mpira zinawekwa mezani mbele ya watu wenye ugonjwa wa kusahau, wanaanza kuongea. Mtu aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kukutajia kikosi kizima cha ujana wake. Kwa hiyo hata mzee ambaye familia inasema "huyo hakumbuki tena", nendeni kwake. Picha iwe kubwa, A4 kwenda juu, moja moja, na msimsahihishe akikosea mwaka. Mwaka mtautafuta wenyewe.

Na chukueni ridhaa yake mapema: karatasi moja inayosema rekodi itatumika wapi, na kwamba anaweza kuiondoa.

KaraniWaTawi
Mimi ni wa makaratasi. Katika boksi lako, kitu cha kuwahi kuliko vyote ni tiketi za karatasi ya risiti, zile laini zilizochapwa na mashine ya joto. Maandishi yake hayana wino, ni kemikali iliyogeuka rangi kwa joto. Ukiiacha juani inafifia, ukiibandika plastiki kwa joto inakuwa nyeusi yote, na ukiiweka kwenye mfuko wa PVC inafutika polepole. Skani hizo leo, kabla ya kitu kingine.

Vipimo: picha na tiketi kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), vijarida 400 vinatosha, negativu za milimita 35 kwa dpi 2400 au zaidi. Hifadhi faili la TIFF, lisilopoteza ubora, kama nakala mama, na JPEG kwa kugawa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili kompyuta izipange yenyewe. Usipoijua tarehe weka 0000, usibahatishe. Tarehe ya kubahatisha ikishaingia kwenye jina la faili, miaka miwili baadaye kila mtu anainukuu kama ukweli.

Vijarida: pini za katikati zinapata kutu na kula karatasi. Zifungue kwa ncha ya plastiki au mfupa, si kisu, kisha shona kwa uzi wa pamba matundu yaleyale. Selotepu ni marufuku kabisa, gundi yake inageuka njano na haitoki. Mifuko iwe ya poliesta. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kioo. Kalamu ya wino inatokea mbele.

Kanda za VHS: zitazame kwanza kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu, usiweke kwenye deki. Utachafua vichwa na kuambukiza kanda zote zitakazofuata. Zilizo safi zikae chumbani siku nzima, zipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja, ndipo zirekodiwe. Fanya kana kwamba kila kanda itacheza mara moja tu, maana nyingine ndivyo zitakavyokuwa.

MstariMweupe
Nukta ya katikati. Hapa ndipo watu wengi wanaweka kibao cha shaba mahali pasipo.

Kosa la kwanza ni kutumia GPS ya simu. Sehemu ya wazi inakosea mita 5 hivi, katikati ya nyumba zaidi. Duara la kati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, kwa hiyo kosa hilo linakupeleka zaidi ya nusu ya njia kuelekea ukingo wa duara.

Kosa la pili ni kudhani uwanja ulikuwa mita 105 kwa 68. Sheria zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90, na viwanja vya zamani vilibanwa na majukwaa. Wa Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, ulikuwa kama 100 kwa 67. Visivyobadilika ni vya ndani: lango mita 7.32, nukta ya penalti mita 11, eneo la hatari mita 16.5 kwenda ndani. Ukiwa na picha ya angani ambayo mistari inaonekana, tumia upana wa eneo la hatari, mita 40.32, kama rula yako, upime uwanja wote.

Hatua zenyewe:

1. Tafuta picha ya angani ya wakati uwanja upo na ya sasa. Google Earth ya kompyuta ina picha za miaka ya nyuma.
2. Chagua pointi 6 au zaidi zinazoonekana kwenye zote mbili: kona ya ukuta chini, makutano ya barabara, ukingo wa daraja. Usichukue kona ya paa. Jengo refu pichani linalala upande, paa linakuwa mita kadhaa kutoka msingi wake.
3. Ziingize kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, sehemu ya Georeferencer inayolaza picha juu ya ramani. Pointi yenye kosa kubwa kuliko wenzake iondoe, usiilazimishe.
4. Unganisha vibendera vya kona kwa mishazari miwili. Inapokatana ndipo nukta. Kwa uwanja wa 105 kwa 68 kila mshazari ni mita 125.1, yako miwili isipolingana, kona mojawapo si kona.
5. Nenda eneo lenyewe na futi kamba ya mita 50, pima kutoka vitu viwili visivyohama, kisha hakiki kutoka cha tatu. Ukitaka pembe mraba, kamba ya 6, 8 na 10.

Kibao kilale sawa na uso wa lami, kisijitokeze. Kikijitokeza tairi litakichomoa. Kuchora kwa rangi ni kujisumbua, lami ikiwekwa upya imekwenda. Na ruhusa ya mwenye eneo iwe ya maandishi, pamoja na ramani ya mabomba, kabla hujatoboa.

Kama mnataka mfano wa kuwashawishi: Ayresome Park, uwanja ambao klabu ya Middlesbrough ya Uingereza iliondoka 1995, pamejengwa nyumba, lakini kuna kazi za sanaa zinazoonyesha sehemu za uwanja, ikiwemo pale Pak Doo-ik wa Korea Kaskazini alipowafunga Italia mwaka 1966. Tottenham nao wana alama ya nukta ya kati ya White Hart Lane ndani ya uwanja wao mpya. Highbury majukwaa mawili yakawa makazi, na pale kwenye nyasi ikawa bustani.

FundiMbao
Viti: usivirudishie upya. Kila shabiki wa kujitolea anakuja na msasa. Rangi iliyochubuka na namba iliyofifia ndiyo kiti chenyewe, ukipiga msasa unabaki na ubao wowote tu. Isitoshe rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Brashi laini, kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Skrubu zenye kutu: mafuta ya kulegeza usiku kucha, asubuhi gusa kichwa cha skrubu kwa chuma cha moto cha kulehemu waya, dakika moja. Bisibisi ijae kwenye mfereji. Ikianza kuteleza, acha.

Ukiona vitundu vyenye unga mpya, wadudu wako hai. Funga kiti kwenye nailoni bila hewa, friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na usifungue hadi kirudi joto la chumba, la sivyo kitatoa jasho.

Na atakayekuja na kipande cha nyasi kwenye ndoo, mpokeeni kwa heshima. Baada ya miaka michache zile si nyasi za uwanja tena, ila hakuna haja ya kumwambia.

JukwaaLaJua
Asanteni sana wakuu. Swali moja: wazee wawili wanabishana lango lenye saa lilikuwa kushoto au kulia ukitokea jukwaa kuu. Picha iliyopo inamtetea mmoja, lakini huyo mwingine hakubali kabisa.

MstariMweupe
Hiyo picha imetoka kwenye negativu? Soma namba za jezi na mabango. Halafu angalia vivuli: mechi ya alasiri, kivuli kinaelekea mashariki popote duniani. Jukwaa kuu mara nyingi hukaa magharibi ili jua lisiwapige waliokaa humo, kwa hiyo kivuli chake kingeangukia uwanjani.

JukwaaLaJua
Namba 7 imegeuka. Negativu iliskaniwa kinyume.

KaraniWaTawi
Skani upya, upande wenye mng'ao ukitazama juu au chini kama mashine yako inavyotaka, jaribu moja kwanza. Faili la zamani usilifute, ongeza neno "kinyume" kwenye jina. Na chapa nakala A4 mpeleke kwa yule mzee aliyekataa.