Naomba ushauri: filamu fupi ya katuni ya gari la waya na mwanasesere

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Temeke, natengeneza filamu fupi ya katuni ya dakika 4 kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu. Ni hadithi ya gari la waya lenye matairi ya kandambili, na mwanasesere mpya aliyenunuliwa Kariakoo. Mgeni akishafika nyumbani, gari linasukumwa uvunguni. Usiku taa zikizimwa, wanaanza kusogeleana.

Napiga picha moja moja kwa simu: nasogeza mdoli kidogo, napiga, nasogeza tena. Kwa kawaida filamu huenda picha 24 kwa sekunde, ila kila picha naitumia mara mbili, hivyo nahitaji 12 tu. Hata hivyo dakika 4 ni picha 2,880! Kazi hiyo naipenda mno, hainichoshi.

Kinachonisumbua ni mwanga. Nimefunga mapazia, natumia taa ya LED, simu nimeizuia isijirekebishie mwanga yenyewe, lakini picha zikiunganishwa bado zinapepesa. Mliowahi kukutana na hili, tatizo ni taa au umeme kupanda na kushuka? Taa ya kuchaji itasaidia?

La pili ni mazungumzo. Moyo wangu unataka wasiseme neno, urafiki uonekane kwa vitendo: mwanasesere anafungua utepe wa nywele zake na kufungia tairi la mwenzake lililolegea. Rafiki yangu anasema watoto watachoka bila maneno. Wenye watoto wadogo, wa kwenu wanatulia na katuni isiyo na maneno hadi mwisho?