Naomba ushauri: saladi ya samaki bila kuwasha jiko, nina baridi yabisi

Binti Mzizima:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina baridi yabisi, nimeshapimwa na dawa natumia. Asubuhi vidole vinakakamaa, na jioni nikitoka kazini hata kunyanyua sufuria ni shughuli. Kliniki wamenishauri nipunguze vya kukaanga, soda na sukari, niongeze samaki wenye mafuta na mboga, huenda uvimbe wa viungo ukapungua. Samaki gani wa kopo anafaa kwa saladi ya haraka? Na je, nikinunua mbichi pale Feri nikamkamulia ndimu tu, naweza kumla? Jirani yangu anasema ndimu inaivisha.

Mpishi wa Pwani:
Pole sana dada. Ndimu usiitegemee kabisa. Samaki anageuka mweupe na kukaza, ukimtazama utasema ameiva, lakini minyoo na vijidudu vinaweza kubaki hai. Nunua wa kopo, huyo ameshapikwa humo humo kiwandani.

Tafuta sadini au vibua. Jodari wa kopo ana protini nzuri, ila omega 3, ambayo ndiyo unayoitafuta kwa ajili ya uvimbe, kwa kawaida anayo kidogo kuliko sadini. Mifupa ya sadini ni laini, itafune tu, ina kalisiamu. Chagua waliohifadhiwa kwenye maji au mafuta ya zeituni. Wa sosi ya nyanya nao wanafaa, lakini soma kwanza kiasi cha chumvi na sukari.

Kinachobaki ni kachumbari yetu ile ile. Kitunguu kikate chembamba, kifikiche na chumvi ukali utoke, halafu kisuuze vizuri. Weka nyanya, tango, hoho na giligilani nyingi. Kamulia ndimu, tia kijiko cha mafuta ya zeituni, kisha mvunjevunje samaki kwa uma juu yake. Parachichi liwe la mwisho, ukiliwahisha linapondeka na kuwa jeusi. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, samaki wa kopo anakuja na yake.

Nesi wa Zamu:
Naongezea kwa wengine wanaosoma. Mtaani kila maumivu ya viungo yanaitwa baridi yabisi, kumbe mwingine ana jongo. Mwenye jongo asikimbilie saladi hii: sadini na dagaa wana purini nyingi, ambazo mwilini zinageuka asidi ya yuriki, na hiyo ndiyo inayomwamsha usiku kidole gumba cha mguu kikiwaka moto. Pimeni kwanza. Wewe mleta uzi kula, ila dawa usiache hata siku ukijisikia mzima. Chakula kinaisaidia dawa, hakishiki nafasi yake.

Binti Mzizima:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Naweza kuitengeneza usiku nibebe kazini? Ofisini hatuna friji.

Mpishi wa Pwani:
Hapana dada, kwa joto hili la Dar usijaribu. Samaki akishafunguliwa asikae nje zaidi ya saa mbili. Beba kopo likiwa limefungwa na kachumbari kwenye chombo chake, uchanganye wakati wa kula. Ukiwa nyumbani na ikabaki, ihamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, weka kwenye friji, uimalize kesho yake.

Kaka wa Mbagala:
Mama yangu anaumwa hivyo hivyo, na kilichokuwa kinamshinda ni kile kipete cha kufungulia kopo. Chomeka mpini wa kijiko chini ya kipete, uuegemeze ukingoni, ukandamize kwa kiganja. Kinanyanyuka bila kuumiza vidole. Ukiendelea kukishikilia kijiko hivyo hivyo, unavuta mfuniko wote. Siku ambazo kisu hakishikiki, akina mama wa sokoni wanauza kabichi na karoti zilizokwisha kukatwa. Zioshe tena kwa maji safi ukifika nyumbani, maana zinashinda wazi pale mezani.