Naomba ushauri: naunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu

Habari za leo wakuu. Nipo Dar, nimedunduliza milioni 2 kwa mwaka mzima na sitaki kukosea. Skrini ninayo, inchi 24, 1080p. Nacheza zaidi gemu za mpira na za magari, na mdogo wangu anajifunza kuhariri video.

Prosesa nimeshaamua: Ryzen 5 5600, wati 65 tu. Mazabodi ya B550, RAM ya DDR4 GB 16 kwa vipande viwili, na SSD ya NVMe TB 1 ya kuhifadhia mafaili.

Ninapokwama ni kadi ya grafiki, na prosesa hiyo haina grafiki ya ndani, kwa hiyo siwezi kuanza bila kadi. RX 6600 mpya ina memori ya GB 8. RTX 3060 niliyoiona Kariakoo imetumika, ina GB 12, na dogo anaitaka hiyo kwa ajili ya video. Lakini feni moja inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, na skrubu za nyuma vichwa vimeliwa, ina maana ilishafunguliwa. Muuzaji anaapa haijatumika kuchimba sarafu za kidijitali, kazi inayochosha kadi. Niikague vipi kabla sijatoa hela?

Lingine ni pawa saplai. Mtaani kwetu umeme ukikatika hurudi kwa kishindo, na kompyuta yetu ya zamani ilikufa hivyo, chumba kizima kikanuka plastiki. Wati 550 ya 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi) inatosha? Au nishushe SSD hadi GB 500 ninunue na UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika? Moyo wangu uko kwenye UPS.

Mliowahi kuunda, nisaidieni tafadhali. Nanunua mwisho wa mwezi.