Vifaa vinachelewa, malipo nayo yanachelewa: mkandarasi na msambazaji wapangeje kazi?

Swali
Wakuu, kazi inasimama kwa sababu nondo hazijafika. Msambazaji naye anasema oda ameipata jana, na ankara ya mwezi uliopita haijalipwa. Mkataba upo, ila hautatui mambo ya kila siku. Utaratibu gani unafuatika kwa pande zote mbili?

Jibu: mpangaji wa ratiba
Mpe msambazaji ratiba ya wiki 6 zijazo, uihuishe kila wiki. Hesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya kumwaga zege: kufunga nondo, kukata na kukunja, usafiri, uzalishaji. Kinachosahaulika ni muda wa mhandisi mshauri kuidhinisha sampuli na michoro. Kwa lifti, madirisha na vigae huo ndio unaokula wiki, halafu lawama anabebeshwa msambazaji.

Jibu: mtunza stoo
Ugomvi mwingi huanzia getini. Nondo agiza kwa uzito. Ya milimita 12, urefu mita 12, ina kilo 10.66, tani moja ni kama vipande 94. Ukihesabu vipande tu, kumbe ni za milimita 11, umepungukiwa takribani kilo 158 kwa tani, na jengo limekosa chuma ambacho mchoro ulikihesabu. Pima vipande vichache kabla gari halijashusha, na udai cheti cha kiwanda. Mchanga wenye unyevu huvimba, ujazo wake ukiongezeka hata kwa robo, kwa hiyo kubalianeni mapema kama mnapima ujazo au uzito.

Hati ya kupokelea mzigo ionyeshe namba ya oda, kiasi kilichopokelewa, kilichokataliwa na sababu, pamoja na sahihi mbili. Ikilingana na oda na ankara, mhasibu alipe. Isipolingana, lipa sehemu isiyo na ubishi. Kuzuia ankara nzima kwa ajili ya mifuko 10 ya saruji iliyolowa ni uonevu, na oda yako ijayo itawekwa mwisho wa foleni.

Jibu: fundi zege
Zege la kiwandani, linalofika na gari likiwa limeshachanganywa, lina yake. Gari likibeba mita za ujazo 6 na kikosi kikimwaga 15 kwa saa, magari yapishane dakika 24. Yakifika matatu kwa pamoja, la mwisho linasubiri mpaka zege linaanza kukaza, na hapo mtu anaongeza maji na kushusha nguvu ya zege. Kila upande uteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha magari, na namba yake ya simu iwe kwa msimamizi wa kiwanda tangu siku ya kabla.